Mgeni Hajambo?

14 Januari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Huku sote wazima. Mama amebadilishiwa zamu kule hotelini. Sasa anaingia kwenye chumba cha kufulia asubuhi na mapema, na mchana yuko nyumbani, kwa hiyo siwezi tena kusoma kwa siri wakati wa kuosha vyombo. Bibi goti linamsumbua, mdomo haumsumbui. Mdogo wangu Kifaranga ameanza darasa la kwanza. Siku ya pili tu alirudi na kiatu kimoja, hakumbuki kingine walipoachana.

Mgeni hajambo?

Naandika kwa sababu uliniambia niandike. Mara ya mwisho kwenye simu Mama aliweka spika, Bibi akawa anapaza sauti kutoka jikoni, na zamu yangu ilipofika nikasema "eeh" na "haya" basi. Kwenye karatasi huwa najua la kusema.

Juzi Kifaranga aliniuliza, "Huyu Mgeni ni nani? Kila mtu anamsalimia na hajawahi kuja." Nikamweleza kuwa Mgeni si mtu, ni figo ya Mama ambayo madaktari waliihamishia kwako ulipokuwa mgonjwa sana. Akauliza, "Mama amebaki na ngapi?" Nikamwambia moja. Akauliza tena, "Na Mjomba alisema asante?" Nikasema ndiyo, ingawa mimi mwenyewe wakati ule nilikuwa mdogo na sikuwepo.

Sasa jambo lenyewe. Nimo katika darasa la kipaimara. Mchungaji ameamua mwaka huu kila mwanafunzi azungumze mbele ya waumini, Jumapili ya kwanza ya Juni. Tulichagua mada kwa kuokota vikaratasi kwenye kofia. Mwenzangu mmoja ameokota "Furaha." Mimi nimeokota "Sadaka na Ukombozi." Sauti yangu unaijua. Mwalimu wa kwaya aliwahi kuniomba nifungue mdomo tu, wengine waimbe.

Kila mmoja anatakiwa awe na mtu mzima wa kusimama nyuma yake, ameweka mkono begani, tangu mwanzo mpaka Mchungaji amwombee. Nilipoulizwa nitasimama na nani, nilikutaja wewe. Sikukuuliza kwanza, naomba unisamehe. Nimefikiri kwamba sina haja ya kutafuta mfano mbali. Mama alitoa, wewe ukapona. Nitasimulia hivyo, nawe utakuwa umesimama pale pale, watu wakuone.

Hujaja nyumbani tangu nikiwa darasa la tano. Utakuja?

Mpwa wako

---

5 Februari

Mpwa wangu Profesa,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko salama na pole kwa kiatu. Mwambie Bibi goti alipumzishe na mdomo pia, lakini umwambie ukiwa karibu na mlango.

Mimi kazi zipo. Wiki hii nimeletewa mizani ya muuza nyama mmoja ambaye wateja wake wamekasirika. Anaapa kwamba haibi, na kweli haibi. Tatizo ni kwamba ukiondoa nyama, mshale haurudi kwenye sifuri. Unabaki mbele kidogo. Mizani inaendelea kubeba kitu ambacho hakipo tena, na kila anayekuja baadaye anapimiwa juu ya kile cha mwanzo. Watu hudhani mizani huharibika kwa kubeba kizito. Mara nyingi ni springi tu iliyosahau kurudi. Nimeifungua, nimeisafisha, bado inasahau.

Mada yako ni ngumu. Mimi ningerudisha mkono kwenye kofia. Lakini wewe unasoma hata maandishi ya kwenye pakiti za sabuni, utaiweza. Uanze na maswali madogo. Nani alitoa, alitoa nini, alimpa nani, na aliyepewa alifanya nini nacho.

Kuhusu Juni, ni mbali bado. Fundi mwenzangu hapa ana mpango wa likizo wakati huo na duka haliwezi kufungwa. Usinihesabu kwanza. Baba yako mdogo ana bega pana na mkono mzito, akikushika utasimama imara.

Msalimie dada yangu.

Mjomba wako

---

11 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sote tunaendelea vizuri. Kiatu kimepatikana, kilikuwa juu ya paa la darasa, na hakuna anayejua kilifikaje. Mama anakusalimu. Barua yako aliisoma baada yangu, akafika mwisho, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna kitu kingine.

Mgeni hajambo? Safari hii hukusema.

Baba mdogo ana bega pana, lakini akisimama nyuma yangu atakohoa. Wewe hukohoi.

Nimeanza na maswali madogo kama ulivyonielekeza. Darasani Mchungaji alieleza hivi: mtu ana deni kubwa, hawezi kulipa, anakuja mwingine analipa kwa niaba yake, na yule wa kwanza anakuwa huru. Wenzangu waliandika. Mimi nilitaka kuuliza, "Malipo yalipokelewa na nani?" Kwa sababu kama aliyelipa ni Mwana, na aliyepokea ni Baba, na hao ni Mungu mmoja, basi ni kama mtu kutoa kitu mfuko huu na kutia mfuko ule, na hapo sioni kwa nini iume kiasi kile. Sikuuliza. Nilinyoosha mkono nusu, Mchungaji akadhani najikuna.

Nimesoma pia kuhusu sadaka za zamani, za wanakondoo. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna aliyemuuliza mwanakondoo. Aliletwa tu. Nafikiri tofauti kubwa ya Yesu iko hapo, kwamba alijua, akaogopa, akaomba kama inawezekana asikinywee kikombe kile, halafu bado akakubali. Kwa hiyo nimeandika, "Sadaka si damu. Sadaka ni ile ndiyo." Sina hakika kama Mchungaji ataipenda.

Ndiyo maana nataka kujua kuhusu Mama. Alisemaje siku ile alipokubali? Nimemuuliza mwenyewe, akanijibu, "Nilisema ndiyo, sasa kanyanyue ndoo." Wewe ulikuwepo. Naomba unisimulie, nitaliweka mwanzoni.

Mpwa wako

---

26 Machi

Mpwa wangu Profesa,

Marahaba. Samahani kwa kukawia. Kulikuwa na mizani nyingi, na mkono wa kushoto unanichosha siku hizi. Nafurahi kwamba kiatu kimeonekana.

Umeniuliza mama yako alisemaje. Daktari alikuwa anaeleza, mimi nimelala, ndugu zetu wamesimama ukutani wakitazama viatu vyao. Daktari hajamaliza sentensi, mama yako akasema, "Yangu." Daktari akamwambia, "Dada, ngoja kwanza nimalize kukueleza hatari zake." Akasema, "Malizia, lakini ni yangu." Hivyo tu.

Na jina la Mgeni alilitoa yeye, siku chache baada ya upasuaji, hata kutembea hajaweza. Walimleta kwenye kiti cha magurudumu, akaniangalia, akauliza, "Mgeni wangu unamlisha vizuri huko?" Tulicheka mpaka muuguzi akatukataza kwa ajili ya nyuzi.

Hayo nimekupa kwa sababu wewe ni mpwa wangu. Lakini usiyaseme kanisani. Nakuomba kabisa, usinitumie mimi kama mfano.

Shangazi yako mkubwa ameshanitumia mara nyingi. Mara ya mwisho nilipokuja huko, alinisimamisha ibadani akasimulia yote, mpaka urefu wa kovu. Mchana tulipokaa kula, Bibi akaondoa kikopo cha chumvi mbele yangu kabla sijanyoosha mkono. Nilipomimina maji, watu wakaangalia glasi. Nikasema nimechoka kidogo, shangazi akasema, "Usichoke bwana, hiyo si yako ya kuchezea." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Alisema kwa mapenzi, najua.

Nikuulize swali, wewe ndiye msomaji. Kila mtu anahubiri kuhusu aliyetoa. Nani anahubiri kuhusu aliyepewa? Kulikuwa na yule mfungwa aliyefunguliwa siku ile ile, watu walipoambiwa wachague mmoja kati ya wawili. Mwenzake akaenda msalabani, yeye akatolewa minyororo. Mchana ule alikwenda wapi? Alipofika kwao alikula nini, na ni nani alikuwa anamtazama akila? Nitafutie.

Juni siwezi kuja. Mwambie baba mdogo ameze kitu cha kikohozi.

Mjomba wako

---

2 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Bibi amepewa fimbo ya kutembelea na anaitumia kuonyeshea vitu. Mama ana mafua madogo.

Nimekutafutia. Nimesoma kila mahali mfungwa yule anapotajwa. Anafunguliwa, halafu haandikwi tena. Hakuna alikokwenda, hakuna alichokula. Nilijikaza nikamuuliza Mchungaji baada ya kipindi, nikiwa nimeliandika swali ili sauti isikatike. Akasema, "Hilo halimo kwenye mada yako, binti." Wiki iliyofuata aliniita kutoka kwenye mstari, akasema, "Nimelifikiria lile swali lako. Sijui." Halafu akaenda zake. Tangu hapo nampenda zaidi.

Sitakutumia kama mfano. Nimekata ukurasa wote. Sasa mada yangu ina mwanzo na haina katikati.

Lakini Mjomba, kuna jambo nataka kuuliza, na ningekuwa mbele yako nisingeweza. Barua mbili nimeuliza hali ya Mgeni, barua mbili hukujibu. Zamani ulikuwa unaandika, "Mgeni hajambo, anakunywa maji kama ng'ombe." Mama naye anageuza karatasi nyuma kila mara, hapati kitu, anaikunja, haniulizi. Tena umesema mkono unakuchosha. Mizani umetengeneza miaka yote, mkono haujawahi kukuchosha.

Mgeni hajambo?

Mpwa wako

---

24 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua hii naiandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umefungwa kwenye mirija. Niko hospitali, kwenye kiti, na pembeni yangu kuna mashine ya kusafisha damu. Usishtuke. Nakuja hapa Jumanne na Ijumaa, nakaa asubuhi nzima, kisha narudi kazini mchana. Mzee wa kiti cha jirani anakoroma kwa sauti ya pikipiki isiyotaka kuwaka.

Mgeni ameondoka. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka jana. Alianza kuchoka polepole, vipimo vikawa vibaya, dawa zikabadilishwa, haikusaidia. Daktari anasema hutokea. Mwili unakaa na kitu miaka mingi kwa amani, halafu siku moja unaanza kukikataa. Hakuna nilichokosea. Nilikunywa maji niliyoambiwa, dawa sikuruka hata moja, chumvi nimesahau ladha yake. Nakuambia haya kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza nitakaloulizwa huko, na sina nguvu ya kujitetea mbele ya meza nzima.

Usimwambie mama yako.

Nifikirie kidogo kabla hujanilaumu. Mwanamke yule alikatwa ubavuni akiwa mzima, bila ugonjwa wowote. Mara ya mwisho nilipokuja, akinyanyua shuka zilizolowa bado alikuwa anashika kiuno. Alichonipa nilikuwa nacho, sasa sinacho. Nimrudie niseme nini? Kwamba kile kipande chake kimekufa ndani yangu?

Ndiyo sababu sikutaka mfano. Mfano mzuri unahitaji mwisho mzuri. Watu wakisikia kuwa fulani alijitoa kwa ajili ya mwenzake, wanataka kumwona mwenzake amesimama pale, mnene, anang'aa. Hawataki kumwona mtu aliyekombolewa anayehitaji kukombolewa tena.

Na ndiyo sababu siwezi kusimama nyuma yako. Mlangoni kabisa Bibi ataniuliza, "Mgeni hajambo?" Nitasema nini?

Mjomba wako

---

30 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma. Barua nimeificha ndani ya daftari, na sitamwambia Mama, kwa sababu umeomba. Lakini umenipa kitu kizito kwa njia ya posta, na mimi hata kudanganya kwamba nimekula sijui. Nikisema uongo masikio yanakuwa moto.

Niliandika "pole" nikaikata, nikaiandika tena nikaikata tena, kwa sababu sikujua nampa nani pole, wewe au Mgeni. Hapo ndipo nilipoona jambo. Barua yako ina habari za Mgeni, za Mama, za Bibi, hata za mzee anayekoroma. Nimeisoma mara nyingi na wewe humo ndani yake. Sindano inauma? Ukitoka pale unaweza kutembea, au unapata kizunguzungu? Nani anakurudisha? Jumanne jioni unakula nini, na nani anakupikia?

Halafu nikatoa barua zangu za zamani, zile nakala ninazoandika kwanza kwa penseli. Kila moja imeanza na "shikamoo," ambayo ni adabu tu, kisha habari zetu, kisha "Mgeni hajambo?" Hakuna hata moja niliyouliza kama wewe hujambo. Nilidhani ni swali lile lile. Si lile lile.

Mjomba, hujambo?

Mpwa wako

---

13 Mei

Mpendwa Mjomba,

Hukujibu, na mimi siwezi kungoja. Sote wazima. Nakueleza kilichotokea Jumamosi, na nakiandika kama kilivyokuwa bila kuongeza, ili uone kwamba sikuvunja ahadi.

Unajua Mama hawezi kukunja shuka peke yake. Anasema kazini wanakunja wawili wawili na nyumbani ni vile vile. Kwa hiyo kila Jumamosi tunasimama uani, kila mtu na pembe zake mbili, tunavuta, tunakutana katikati, anachukua pembe zangu, narudi nyuma. Ni kazi ya kimya. Nadhani ndiyo maana naipenda.

Tulikuwa kwenye shuka la Bibi. Mama akasema, "Mjomba wako anasemaje?"

Nikasema, "Anasalimia."

"Na Mgeni?"

Nilisikia masikio yanapata moto. Tukavuta shuka. Tulipokutana katikati hakuzichukua pembe zangu. Tukabaki tumesimama, shuka kati yetu, karibu kabisa.

Akasema, "Tangu lini?"

"Mama, mimi sijasema chochote."

"Najua hujasema. Nakuuliza tangu lini."

"Mwisho wa mwaka."

Akachukua pembe. Akasema, "Umelishika vibaya, upande wa pindo uwe juu." Tukamaliza lile, tukachukua la Kifaranga, lile lenye doa la wino. Tukalikunja pia. Halafu akauliza, "Yuko kwenye mashine?" Nikasema ndiyo. "Anakwenda na nani?" Nikasema hukuniambia. Hapo ndipo alipokasirika, Mjomba, na hakukasirika kuhusu figo. Alisema, "Miezi yote hiyo anakwenda peke yake? Ana akili kweli yule?"

Nikamwambia unaona aibu, kwa sababu alichokupa kimeharibika mkononi mwako. Akaniangalia kama nimesema kitu kwa lugha ya kigeni.

"Kwani nilimkopesha?" akasema. "Ningemkopesha ningekuwa namdai. Mimi nilimpa. Ukishampa mtu kitu umempa, kikae mwaka, kikae miaka kumi." Akakung'uta foronya kwa nguvu mpaka ikalia. "Tena sikumpa figo aitunze. Nilimpa ili aishi, aje huku anichekeshe. Ameitunza figo vizuri sana na huku hakuja."

Nikasema, "Lakini kila mara ulikuwa unauliza hali ya Mgeni."

Foronya ile aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Ulikuwa mzaha wa siku moja," akasema. "Sijui nani aliugeuza salamu." Halafu akasema, "Tuliugeuza sisi."

Bibi alikuwa dirishani, na kumbe alikuwa amesikia yote. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Aligonga kioo kwa fimbo yake mara moja, akaondoka.

Sasa kuhusu mada yangu. Nimepata katikati. Nitasoma kutoka kwenye karatasi, polepole, na hutatajwa. Nitasema hivi: yule mfungwa aliyefunguliwa haandikwi tena kwa sababu hakuna aliyetumwa kumfuatilia. Yesu hakuacha mtu wa kwenda kumchungulia anavyokula, na kumuuliza ameitumiaje siku yake, na kama ameistahili. Nitasema kwamba Yesu alipofufuka aliwatokea marafiki zake waliomkimbia, akawaonyesha majeraha, lakini hakuwadai kitu kwa ajili ya majeraha yale. Aliwaambia amani iwe kwenu. Aliwauliza kama wana chakula. Kwa hiyo kama ukombozi ni deni lililohama tu, likitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, bado hakuna aliyekombolewa. Nadhani aliyekombolewa kweli ni yule anayeweza kurudi nyumbani mikono mitupu na akakaa mezani.

Sijui kama ni sahihi kitheolojia. Mchungaji amesoma, akasahihisha herufi kubwa mahali pawili, akasema, "Sema hivyo hivyo."

Na nimekumbuka mizani ya muuza nyama. Ulisema haikuharibiwa na uzito. Springi ilisahau kurudi.

Sikuombi uwe mfano. Nakuomba usimame nyuma yangu kwa sababu ninaogopa.

Mpwa wako

Hapa chini kuna nafasi, Mama ameomba aandike mwenyewe. Amekaa na kalamu tangu nilipoanza kufua soksi mpaka nimemaliza kuzianika:

*Mdogo wangu. Hujambo?*
*Dada yako*

---

22 Mei

Dada, na mpwa wangu,

Marahaba kwa mmoja na shikamoo kwa mwingine, mgawane wenyewe.

Sijambo kidogo. Sindano inauma mwanzoni, halafu inazoeleka. Nikitoka pale natembea, lakini kwa kushika ukuta hadi kwenye ngazi. Narudi peke yangu. Jumanne jioni nakula mkate kwa sababu kusimama jikoni siwezi. Siku nyingine nalia kidogo, si kwa maumivu, kisha nalala. Mkono wa kushoto una uvimbe pale mirija inapoingia, ukigusa unatetemeka kama kuna nyuki ndani. Kifaranga atapenda kuugusa. Mnaona, habari zangu nilikuwa nazo nyingi. Nilikuwa nasubiri mtu aulize, na nilikuwa nimejificha asiulize.

Dada, nimeisoma ile foronya. Kifaranga aliuliza zamani kama nilisema asante. Nilisema, lakini nilisema kama mtu anayetia sahihi. Nitaisema upya nikiwa nimekaa.

Ile mizani nimeirudisha kwa mwenyewe. Nilibadilisha springi, haikuwa na jinsi nyingine. Sasa ukiondoa nyama mshale unarudi.

Nimezungumza na wauguzi. Ijumaa nitakuwa kwenye mashine, Jumamosi napanda basi, Jumapili nasimama nyuma ya Profesa. Kurudi ni Jumatatu, kwa sababu Jumanne mashine haisubiri. Muda ni mfupi, lakini unatosha, na miguu ikikataa naomba kiti, mkono utafika begani hata nikiwa nimekaa. Usiangalie watu. Soma karatasi yako.

Naomba jambo moja. Mwambieni Bibi aiache chumvi mezani, asiiondoe. Sitaila, daktari amekataza zaidi kuliko zamani. Nataka tu iwe pale, mbele yangu, na mtu mmoja aseme, "Nisogezee chumvi," nami nimsogezee.

Mdogo wako, na mjomba wako